Ahadi ya Kwanza Ikivunjika

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, masheikh na wachungaji mliofika, wazazi wenzangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni kama mnaotafuta nafasi ya kuchomoka: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za mchana.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "athari za dawa za kulevya kwa vijana". Waandaaji wanisamehe, athari sitazisema sana. Hapa Temeke athari mnazijua kuliko mimi. Mnajua betri ya bajaji ilivyopotea usiku, mnajua sufuria zilizoanikwa uani zilivyouzwa chuma chakavu, na mnajua ni nyumba zipi zimefunga makufuli hadi kwenye kabati la nguo. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nafanya kazi na waraibu. Nikimaliza mikutano kama hii, kila mara kuna mzazi mmoja au wawili wanaonisubiri nje, wananivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, nitajuaje kwamba huyu sasa anaumwa, si utundu tu? Na nikishajua, nianzie wapi?" Leo nataka nilijibu swali hilo mbele ya wote, ili asiwepo wa kunivuta pembeni.

Jibu langu ni fupi, halafu nitalieleza. Tafuta msaada siku ile alipoahidi mwenyewe kwamba ataacha, akakusudia kweli, na akashindwa. Ahadi ya kwanza. Msingoje ya tano, msingoje auze televisheni, msingoje aokotwe mtaroni. Watu wengi huniambia "mwache afike chini kabisa, atajirudi mwenyewe". Huko chini wako wanaofika wakajirudi, kweli. Wako pia tuliowazika.

Kwa nini nasema ahadi, na sisemi kiasi anachotumia? Kwa sababu kiasi kinadanganya. Wengi hujaribu vilevi na hawawi waraibu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994, ambao uliangalia watu waliowahi kutumia kitu fulani angalau mara moja, ukahesabu ni wangapi waliishia kuwa tegemezi. Kwa heroini ilikuwa karibu 23 kati ya 100. Kwa pombe karibu 15. Kwa bangi kama 9. Na walioongoza, mtashangaa, ni wavuta sigara: 32. Kwa hiyo ukimkuta kijana wako na msokoto wa bangi kwa mara ya kwanza, usimtangazie mtaa mzima kwamba amekuwa teja. Kaa naye, muulize, mfuatilie, na ujue kwamba anayeanza akiwa bado mdogo ana hatari kubwa zaidi ya kunasa kuliko anayeanza ukubwani, kwa sababu ubongo wake haujamaliza kukomaa. Lakini uraibu wenyewe ni jambo jingine. Uraibu ni pale anayetumia anapopoteza usukani wa kutumia. Anapanga kuvuta kidogo, anavuta chote. Anapanga kuacha Jumatatu, Jumatatu inapita. Anaona madhara kwa macho yake mwenyewe, mke ameondoka, kazi imekwisha, kifua kinauma, na bado anarudi.

Hilo ndilo watu wasiolielewa. Wanasema: "Si aache tu? Si anaona?" Anaona sana. Wengi wao wanaona kuliko sisi.

Niseme kidogo kuhusu unga wenyewe, yaani heroini, maana hapa kwetu ndio unaojaza kliniki. Heroini haikuanza vichochoroni. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiingiza sokoni mwaka 1898, ikauzwa kama dawa ya kikohozi. Kwa miaka mingi imekuwa ikipikwa Afghanistan, inashuka hadi pwani ya Makran, upande wa Pakistani na Iran, inapakiwa majahazini na kuletwa huku kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja baharini nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Jahazi moja tu! Sehemu kubwa ya mzigo wa aina hiyo huwa inapita kuelekea Ulaya na kwingineko, ila njia ya mzigo haikosi kudondosha. Ndiyo maana ukienda Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja au hapa Dar es Salaam unakuta shida ileile. Nawaambia hili kwa ajili ya akina mama wanaolia usiku wakijiuliza walikosea wapi katika malezi. Mama, wapo matajiri waliokodi jahazi ili kete, kile kipimo kidogo cha unga, ifike kwenye kijiwe cha mtaani kwako. Usijibebeshe yote peke yako.

Vijana wengi hapa hawakuanza na sindano. Wameanza na kokteli, unga uliochanganywa ndani ya msokoto wa bangi, wengine hata bila kuambiwa kilichomo. Mwanzoni unampa raha na utulivu. Baada ya muda mwili unazoea, anahitaji zaidi ili apate kilekile. Akiendelea, raha inakwisha kabisa, na hapo anatumia ili asiumwe. Heroini hukaa mwilini muda mfupi. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inaanza: miayo, mafua, machozi, jasho la baridi, vinyweleo vinasimama. Kisha mifupa inauma, tumbo linakatika, anaharisha, anatapika, halali. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, na kwa kawaida wiki ikiisha, maumivu ya mwili yanakuwa yamepungua. Katika hali hiyo mwili unadai unga kama unavyodai maji mtu mwenye kiu ya siku mbili. Unaweza kumhubiria, anakusikia, na anakubaliana na wewe, huku akili yote iko kwenye kete.

Mnataka kujua hofu ya arosto ina nguvu gani? Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi hapahapa Dar es Salaam waliandika jambo lililoshtua wengi. Walikuta kwamba baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, mmoja akishajidunga huvuta damu yake mwenyewe kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na hela ajidunge, wakiamini damu ile imebaki na unga wa kutosha kumtuliza. Fikirini virusi vya ukimwi, fikirini homa ya ini. Na waliofanya hivyo walikuwa wanahurumiana. Sidhani kama mtu anayefika hapo ataokolewa na kuulizwa "huoni aibu?"

Sasa nije nyumbani. Ahadi ya kwanza inapovunjika, familia zetu hufanya nini? Nimeziona tiba za aina nne, na zote zinatoka kwenye mapenzi, kwa hiyo sizidharau. Ila tuseme ukweli wake.

Ya kwanza ni kiapo. Anaapishwa kwa Msahafu, au kwa Biblia, mbele ya wazee. Anaapa akiwa mkweli kabisa, machozi yanamtoka. Siku tatu baadaye anakutwa kijiweni. Hapo anahesabiwa makosa mawili, unga na kuvunja kiapo, na yeye mwenyewe anaamini kwamba hata Mungu amemtupa. Masheikh na wachungaji wangu, nawaheshimu na dua tunazihitaji. Wengi waliopona wanasema imani iliwashikilia. Ninachoomba ni kwamba msimwapishe mtu mwenye arosto. Mleteni hospitali kwanza, mwili ukishatulia mpeni neno, atalisikia vizuri zaidi.

Ya pili ni kumpeleka kijijini. Hii nitaisema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoua. Kijana anapandishwa basi hadi kwa babu, anakaa miezi mitatu, analima, ananenepa, anapiga picha akicheka. Kila mtu anasema amepona. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1971 wanajeshi wa Marekani walikuwa wanarudi kutoka vita vya Vietnam, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa tegemezi kwa heroini akiwa kule. Serikali yao iliogopa sana. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa waraibu, waliorudia uraibu walikuwa kama watano tu kwa kila mia. Vita imekwisha, marafiki wa kule hawapo, muuzaji hayupo, hata harufu ya mahali haipo. Mazingira yana nguvu hiyo.

Lakini tazameni tofauti. Wale walitoka mahali walipokuwa wanatumia wakarudi nyumbani. Kijana wetu anafanya kinyume. Anapelekwa mbali, halafu anarudishwa palepale, kona ileile, na kijiwe kinamsubiri kwa shangwe: "Oya, umependeza mwanangu!" Anakubali mara moja tu, kwa ajili ya kusherehekea. Anachukua kiasi alichokizoea kabla hajaondoka. Na mwili wake, baada ya miezi mitatu, umesahau. Kiasi kilichokuwa kinamtuliza zamani sasa kinazima pumzi yake. Wengi wanaokufa kwa kuzidisha unga hawakuzidisha hata kidogo kwa hesabu ya zamani. Wametoka kijijini, au gerezani, au soba hausi, yaani nyumba ya kuachia dawa, siku chache zilizopita. Kwa hiyo kama mmempeleka kijijini, sawa, lakini kurudi kwake kupangwe. Aanze na kliniki kabla ya kijiwe. Na mwambieni wazi, bila kumzungusha: "Mwili wako sasa haukiwezi kile ulichokuwa unatumia." Wazazi wanaogopa kusema hivyo wakidhani wanamfundisha kutumia. Hapana, mnamfundisha asife.

Ya tatu ni kumwozesha. "Akipata mke atatulia." Hapa sina maneno mengi. Mnachukua binti wa watu mnampa kazi ya uuguzi bila mshahara na bila kumwambia.

Ya nne ni mtaji. Anakabidhiwa bodaboda, au anafunguliwa genge la matunda. Mtu ambaye kila baada ya saa nane anahitaji pesa ya kete, mnampa mkononi kitu kinachoingiza pesa kila saa. Kazi ni dawa, nakubali, na baadaye nitawaeleza ni lini. Ila si mwanzo.

Kuna tiba ya tano siihesabu, ya kumfunga minyororo chumbani au kwa mganga. Kwa aliyenasa kwenye unga, ni mateso, na akifunguliwa hatari ni ileile niliyoisema ya kijijini. Kwa aliyenasa kwenye pombe, inaweza kumwua humo humo ndani.

Na hapa naona baadhi yenu mmeshangaa, kwa hiyo tuongelee pombe. Mnapenda nizungumzie unga kwa sababu unga ni wa mtoto wa jirani. Pombe iko nyumbani kwetu. Mnakumbuka Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko? Ilisaidia, maana hata mwanafunzi alikuwa anaweza kuficha kimoja kwenye soksi. Lakini gongo halikuondoka, na chupa ndogo za plastiki zimechukua nafasi.

Kwa mnywaji kuna maswali manne, yaliandikwa na daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, na kuchapishwa 1984. Jiulizeni kimoyomoyo, sitaki mtu anyooshe mkono. Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze? Umewahi kukasirika kwa sababu watu wanakusema juu ya unywaji wako? Umewahi kujisikia vibaya, moyo unakusuta, kwa sababu ya kunywa? Na la mwisho: umewahi kuamka asubuhi, kitu cha kwanza ukanywa pombe ili mikono itulie au kichwa kikae sawa? Yaani kuzimua. (Naona wazee wanacheka. Cheka, mzee wangu, ila jibu.) Ukiwa na "ndiyo" mbili, nenda ukaongee na mtaalamu. Kwangu mimi, ile "ndiyo" ya kuzimua hata ikiwa peke yake inatosha kukuinua kwenye kiti.

Sasa hatari yake. Arosto ya unga inatesa sana lakini kwa mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine ni nadra kuua yenyewe. Arosto ya pombe inaua. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akatetemeka mwili mzima, akaona wadudu ukutani, akaongea na watu wasiokuwepo, joto likapanda. Majirani husema amerogwa, au pombe imemwingia kichwani. Wakati huo anahitaji kitanda cha hospitali leo hiihii. Kuna dawa za kumshusha polepole, na kuna vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Kwa hiyo mnywaji wa asubuhi hadi usiku, mwenye kutetemeka, asiambiwe "acha leo". Aambiwe "twende hospitali, tukaache huko". Hivyo hivyo kwa aliyezoea Valium, vile vidonge vya kutuliza, kwa muda mrefu. Navyo havikatwi ghafla.

Na kwa unga, hali ya dharura ni hii: amelala, haamki hata ukimtikisa na kumfinya, anakoroma isivyo kawaida au anapumua mara chache sana, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa kitone. Msimmwagie maji mkangoja, msimnyweshe maziwa, msimchome maji ya chumvi, msimwache alale "zimtoke". Maji na kelele havitarudisha pumzi. Mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni, huku mwingine akitafuta usafiri. Hospitali wana dawa inaitwa naloksoni, ambayo inaitoa heroini pale ilipokamata kwenye ubongo, na mtu anaweza kuamka ndani ya dakika chache. Msimwache mara tu akiamka, maana nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla ya heroini. Na wale vijana mlio mlangoni, hili nawaambia nyie zaidi, kwa sababu mtakaokuwepo ni nyie, si mama zenu. Msimkimbie mwenzenu kwa kuogopa polisi.

Tukishajua, tunakwenda wapi? Nchi yetu iko mbele katika hili kuliko watu wanavyodhani. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, ikiwa ni kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara zima kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Baadaye Mwananyamala, kisha Temeke yetu hapa. Zanzibar wakafungua Kidongo Chekundu, na sasa zipo kwenye mikoa mingine kama Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga. Wenzetu wa Kenya walianza mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Huduma ni bure.

Inakuwaje? Mgonjwa anapimwa, anaongea na mshauri, anafunguliwa faili. Kila siku anafika dirishani, anapewa dozi yake ya maji maji, anakunywa mbele ya mfamasia, anasema neno moja ili ionekane amemeza, anaondoka. Dozi inaanza ndogo na kupandishwa taratibu hadi arosto ikome. Methadoni hukaa mwilini saa 24 na zaidi, inapanda pole na kushuka pole, kwa hiyo haimrushi na haimwangushi. Anaamka asubuhi bila kuumwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ana siku nzima ambayo haitafuti kete. Hapo ndipo bodaboda na genge vinapoanza kuwa na maana. Ndiyo maana nilisema kazi ni dawa lakini ina wakati wake. Papo hapo kliniki anapimwa ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na akikutwa navyo anatibiwa.

Najua lawama yenu, naisikia hata kwenye daladala: "Serikali imewapa unga wake." "Wametoka utumwa mmoja wameingia mwingine." Na mnaniambia mnawaona wakisinzia nje ya kliniki. Anayesinzia sana, mara nyingi amechanganya na Valium au pombe, au dozi yake inahitaji kuangaliwa upya. Tuambieni, tutamwita. Kuhusu utumwa, mimi nina wagonjwa wanaokunywa methadoni kwa miaka mingi, wanalipa kodi ya nyumba, wanapeleka watoto shule. Mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mtumwa. Daktari Vincent Dole na mkewe Marie Nyswander walianza kuonyesha matokeo ya tiba hii New York mwaka 1965, na tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu. Wengine hufika mahali pa kupunguza na kuacha kabisa, taratibu, kwa ushauri wa daktari. Wengine hawafiki, na wanaishi. Mimi sina haraka ya kumwachisha mtu dawa inayomweka hai.

Wanawake nawataja peke yao kwa sababu kliniki wanakuja wachache, na si kwa kuwa watumiaji wa kike hawapo. Mwanamume mraibu anaonekana barazani. Mwanamke anafichwa, au anatumikishwa na anayempa kete. Anaogopa kunyang'anywa watoto. Akiwa mjamzito anaogopa mara mbili, anaamua kuacha ghafla kivyake, na kule kukatisha ghafla ndiko kunakoweza kuharibu mimba. Mjamzito anaruhusiwa methadoni, tena anapewa kipaumbele. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto, wakunga na madaktari wanajua cha kufanya, mradi wameambiwa mapema.

Soba hausi pia zipo, na zimeokoa wengi, hasa zile zinazoendeshwa na watu waliopitia. Zinafaa kwa mtu aliyeamua kuacha kabisa na anayehitaji kukaa mbali na kijiwe. Lakini kabla hamjalipa ada ya miezi minne, ingieni ndani. Ulizeni kama imesajiliwa, kama kuna muuguzi, mgonjwa akiugua usiku anapelekwa wapi, mnaruhusiwa kumtembelea lini. Ukiambiwa huruhusiwi kumwona mwanao kabisa, au ukaona kamba na fimbo, rudi naye nyumbani. Na ulizeni swali ambalo wengi hawaulizi: akitoka, nani atamfuatilia?

Kwa anayeogopa kwamba ukija kliniki jina linapelekwa polisi: kliniki ni hospitali, na faili la mgonjwa ni siri. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, mnaweza kupiga kuulizia matibabu. Ndugu zenu wa Kenya wana 1192. Na zipo asasi zinazotuma watu hadi vijiweni, wengi wao wamewahi kukaa hapohapo. Mkimwona kijana ameketi maskani akiongea na mateja huku ameshika daftari, msimfukuze, yuko kazini.

Nimalizie na lile gumu zaidi, kwa sababu najua ndilo mtakaloliuliza. "Nesi, nimemwambia twende, hataki." Mzazi, wewe nenda. Kuja kwako peke yako si kupoteza nauli. Tutakufundisha namna ya kuongea naye, kwa sababu kuna saa ya kuongea. Akiwa amelewa, hasikii. Akiwa na arosto kali, anakubali lolote ili apate hela. Saa nzuri ni ile ametulia, mara nyingi asubuhi baada ya jambo baya kutokea, na hapo uwe tayari na siku, mahali na nauli. Usimwambie "utafute matibabu". Mwambie: "Kesho saa moja tunakwenda wote, nitakaa na wewe kwenye foleni." Mpe chakula, mpe pa kulala kama unaweza, ila usimpe fedha taslimu, na deni la kijiweni usimlipie. Na ukiona huwezi kuendelea kuishi naye kwa usalama, una wadogo zake ndani, una haki ya kufunga mlango. Kufunga mlango wa nyumba si kufunga njia ya kliniki. Anaweza kulala kwa shangazi na asubuhi mkakutana dirishani.

Akianza tiba, atateleza. Wengi huteleza, baadhi mara kadhaa. Akiteleza rudini kliniki wiki hiyohiyo, tutaangalia dozi, tutaangalia anakaa na nani, tutaanza tena. Hatufukuzi mtu kwa kurudia ugonjwa.

Wenzangu wawili wamekaa pale kwenye meza karibu na dirisha, mmoja ni mshauri, mwingine aliwahi kukaa kijiweni miaka mingi na sasa anafanya kazi na sisi. Hawaandiki majina. Maswali tuyachukue sasa. Mama mwenye mtandio wa kijani alinyoosha mkono tangu nilipotaja kijijini, tuanze na yeye.